Mwananchi ni Nani Leo?

Mhadhara uliotolewa katika wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani



Nimeombwa nichague neno moja la Kiswahili linalotuhusu sana siku hizi na nilizungumzie. Nimechagua neno ambalo kila aliyemo ukumbini humu amelisikia leo, pengine kabla hajanywa chai. Ukifungua redio saa mbili usiku, taarifa ya habari haifiki katikati kabla neno hilo halijapita mara kadhaa. Waziri amewataka wananchi. Mkuu wa mkoa amewaonya wananchi. Wananchi wamelalamikia ubovu wa barabara. Wananchi wameipongeza serikali. Jeshi la Tanzania limelitia neno hili katika jina lake tangu lilipoundwa mwezi Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka ule kulivunja jeshi tulilorithi kwa mkoloni. Chama cha CUF, kilichoanzishwa mwaka 1992, kikajiita kwa Kiswahili Chama cha Wananchi. Lipo gazeti la Mwananchi. Na mashabiki wa Yanga, wakipanda mabasi kwenda uwanja wa Mkapa, hujiita Wananchi kwa fahari kubwa.

Neno linalogombewa hivi na jeshi, upinzani, gazeti na timu ya mpira lina mali ndani yake. Mimi naamini mali hiyo ni dai, na dai lenyewe ni kwamba nchi ina wenyewe, na wenyewe ni watu wake wote. Jioni hii nataka kueleza jinsi dai hilo lilivyoingia katika neno, na jinsi sisi wasemaji tunavyolipunguza kila siku, hata mwananchi amekuwa mtu wa kutakiwa, kuonywa na kuhamasishwa. Jambo hili linaniuma, sitalificha.

Tuanze na neno lenyewe. Mwana hutumika katika Kiswahili kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya uzazi: mwana wa fulani, mwanakondoo, mwana wa kambo. Ya pili haina uzazi ndani yake hata kidogo. Mwanasheria hakuzaliwa na sheria, mwanamaji hakuzaliwa na maji, na mwanahabari hana mama anayeitwa Habari. Hapa mwana ni mtu aliyejishughulisha na jambo, au aliyeingia katika kundi na akawa na sehemu yake humo. Mwanachama hujaza fomu, hulipa ada, hupiga kura, na akitaka hujitoa. Mwanahisa huitwa kwenye mkutano mkuu, husomewa hesabu za kampuni, na akiona faida imepungua husimama na kuuliza kwa nini.

Mwananchi basi yuko upande gani? Ukimweka upande wa kwanza, ni mtoto wa nchi. Hoja itakuwa ya damu, ya asili, ya makaburi ya babu zake yako wapi. Ukimweka upande wa pili, ni mwenye sehemu katika nchi, mwenye haki ya kusomewa hesabu. Kiswahili kimeruhusu yote mawili, na katika historia yetu maana hizi mbili zimevutana kwa nguvu kuliko wengi tunavyokumbuka.

Neno raia lilikuwepo kabla yake, na ni vizuri tulitazame kwa sababu watu huyachanganya. Raia ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa kuchunga. Raia ni wanaochungwa, na mtawala ndiye mchungaji wao. Pwani yetu imelitumia neno hili kwa karne nyingi kwa maana hiyo: raia wa sultani, watu walio chini ya ulinzi wake na amri yake. Wakoloni walilikuta tayari na likawafaa. Leo limepata heshima ya kisheria, nasi tunasema haki za raia bila kukumbuka kundi wala fimbo. Lakini bado lina tabia yake. Raia huthibitishwa kwa karatasi. Anaweza kuandikishwa, anaweza kufutwa. Tena jeshini raia ni yule asiye na sare. Mashariki mwa Congo, ambako watu wameishi na bunduki miaka mingi, neno hili linatajwa sana kwa maana hiyo, na lipo hata kundi lililojiita Raia Mutomboki, yaani raia walioghadhibika wakainuka. Aliyechungwa ameshika mkuki. Hayo yanatosha kuonyesha kwamba hata neno la unyenyekevu hufika siku likageuka.

Sasa mtu akichukua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 akaisoma kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, ataona jambo zuri sana. Katiba hiyo inatumia maneno matatu na haiyachanganyi ovyo. Inapozungumzia haki ya kuishi au usawa mbele ya sheria, inasema mtu. Haki hizo hazimwulizi mtu ametoka wapi. Inapozungumzia kupiga kura au kwenda popote ndani ya Jamhuri, inasema raia. Lakini ibara ya 8 inapotaja mamlaka ya nchi yanatoka wapi, inaachana na mtu na raia ikachukua neno wananchi. Wao ndio msingi wa mamlaka yote. Serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Serikali itawajibika kwao. Nao watashiriki katika shughuli za serikali yao.

Tazameni uteuzi huo. Raia ni mmoja mmoja, mwenye cheti chake. Wananchi ni wote kwa pamoja, na wao ndio chanzo. Serikali haikuwatengeneza wao. Wao ndio walioitengeneza. Sijui neno jingine katika Kiswahili ambalo lingeweza kuchukua mzigo huo. Watu lingekuwa jepesi mno, umma lina harufu ya mkusanyiko, na raia, kama nilivyosema, lina mchungaji nyuma yake.

Je, ni nani hao wananchi? Swali hili lilizuka kabla hata bendera ya mkoloni haijashushwa. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Kisheria jambo hilo lilikuwa la lazima, kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na watu wake hawakuwa hata raia wa Uingereza. Walikuwa watu waliolindwa tu. Raia wa Tanganyika walikuwa hawajakuwepo duniani. Walipaswa kutungwa kwa sheria.

Muswada ulisema uraia hautafuata rangi. Mwafrika, Mwasia na Mzungu, kila mmoja angeweza kuwa raia kwa masharti yale yale ya kuzaliwa au kuomba. Baadhi ya wajumbe walipinga vikali. Ukiisoma hoja yao leo unaielewa, kwa sababu watu hao walikuwa wametoka tu katika utawala uliowapanga watu kwa rangi, hospitali kwa rangi, mishahara kwa rangi. Walikuwa wakisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba mwenye nchi anajulikana, na wengine ni wageni wake. Julius Nyerere, Waziri Mkuu wakati huo, alisimama akajibu kwa ukali ambao haukuwa kawaida yake. Alishikilia kwamba kigezo ni uaminifu kwa nchi, na kwamba taifa likianza kubagua kwa ngozi halitajua pa kuishia. Alitamka kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuiacha kanuni hiyo. Muswada ulipita.

Mimi nauona mjadala ule kama ugomvi juu ya mwana wa aina gani. Waliopinga walishika mwana wa uzazi. Nyerere alishika mwana wa ushiriki. Alishinda bungeni, lakini neno lenyewe halikumfuata mara moja. Kwa miaka mingi baadaye mtu aliposema biashara ziende kwa wananchi, Tanzania na Kenya pia, msikilizaji alijua anakusudia Waafrika, hata kama Mhindi mwenye duka alikuwa na hati ya uraia kabatini. Sheria ilikuwa imekwenda mbele, na lugha ikabaki ikimwangalia mtu sura.

Na bado haijafika. Chukueni mfano huu. Mwaka 1972 maelfu kwa maelfu ya Warundi walikimbia mauaji nchini mwao wakaingia Tanzania. Walipewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima tumbaku na mahindi, wakazaa, wakazika. Baada ya miaka zaidi ya 30 serikali iliwapa nafasi ya kuchagua kati ya kurudi na kubaki, na takribani 162,000 wakapata uraia. Mwezi Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kuwakabidhi hati. Ni kitendo kikubwa, na sidhani kama tumekisifu vya kutosha. Lakini sikilizeni walivyoitwa: raia wapya. Raia mpya ni maneno yanayotamkika. Sasa jaribuni kusema mwananchi mpya. Ulimi unakwama, kwa sababu masikioni mwetu mwananchi hawi mpya, mwananchi alikuwepo. Kijana aliyezaliwa Mishamo, aliyesoma shule ya msingi ya Mishamo, anayeota kwa Kiswahili, amepewa neno moja na akanyimwa la pili.

Kenya nako kuna habari ya aina hii, nayo inaigusa pwani moja kwa moja. Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji enzi za mkoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa waliishi Kwale vizazi vitatu bila kitambulisho. Wapemba waliofuata samaki na ndugu zao kutoka Unguja na Pemba, wakatua Kwale, Mombasa na Kilifi, walikuwa katika hali hiyo hiyo. Tunapozungumzia kitambulisho tusidhani ni kadi tu. Bila hicho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo hata pesa za samaki ulizotumiwa zinapitia simu ya jirani. Huwezi kupata leseni ya uvuvi. Mtoto akimaliza shule anakwama mlangoni. Askari akikusimamisha barabarani jioni, huna la kuonyesha. Mwezi Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wakafuata mwaka 2023.

Nataka tuone kwamba kabla ya karatasi hizo, watu hawa walikuwa wakifanya kila jambo ambalo mwananchi hufanya. Walichonga vinyago vilivyouzwa kwa watalii kama kazi ya Kenya. Walilisha samaki miji ya pwani. Walichangia harambee na kuzika majirani. Serikali ilichelewa kuwapa uraia, lakini uananchi, kwa ile maana ya pili, walikuwa wameshaufanyia kazi. Naamini msingi upo hapo, na naomba mnivumilie nisogee karibu zaidi, kwenye kijiji.

Sheria ya Tanzania ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeunda chombo ambacho watu wengi wa mjini hawakifahamu vizuri, nacho ni mkutano mkuu wa kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18. Narudia: wakazi. Sheria haikuuliza ukoo wala asili. Ukikaa hapo, wewe ni mjumbe. Mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu katika kijiji, halmashauri ya kijiji inawajibika kwake, na ardhi ya kijiji haigawiwi bila ridhaa yake. Wale tuliosoma falsafa ya Wagiriki na mikutano yao ya mji tumekisifu kitu ambacho kipo Kilosa, chini ya mwembe.

Niliwahi kuhudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo katika mkoa wa Morogoro. Ajenda ilikuwa zahanati. Boma lilikuwa limefika kwenye lenta, na fedha za kupaua zilikuwa zimepelea. Mtendaji wa kijiji alifungua daftari akasoma mapato na matumizi: michango ya kaya kiasi fulani, saruji mifuko kadhaa, nondo, mchanga tripu kadhaa, usombaji wa mawe kiasi fulani. Alisoma haraka, kama wasomavyo watu wasiotegemea maswali. Alipomaliza, bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, alifungua fundo la khanga yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Risiti yangu hii,” alisema. “Mchango nimetoa. Sasa naomba kuuliza, hayo mawe mliyomlipa mtu kuyasomba ni mawe gani? Maana mawe tuliyasomba sisi wanawake kwa vichwa vyetu, kutoka mtoni, siku za Jumamosi.”

Pakawa kimya, kisha minong’ono. Mtendaji akasema, “Bibi, hoja yako tumeipokea, tutaifanyia kazi.”

“Ifanyiwe kazi hapa hapa. Mimi nimekaa, sina safari.”

Wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Ndipo mwenyekiti akasimama, akanyoosha mikono akasema, “Wananchi! Wananchi, naomba utulivu!”

Nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu ya neno alilolitumia. Bibi yule alikuwa ametimiza uananchi wake kwa ukamilifu ambao huonekana kwa nadra. Ametoa mchango, ametoa nguvu zake, ametunza risiti, amesikiliza hesabu, ameona kosa, ameuliza mbele ya mkutano halali ambao yeye ni mjumbe wake. Na neno lililotumiwa kumnyamazisha lilikuwa lile lile ambalo Katiba imelipa mamlaka yote. Sidhani mwenyekiti alikusudia ubaya. Ndivyo tulivyozoea kuzungumza. Mtu akishika kipaza sauti, waliobaki wote huwa wananchi, na wananchi kazi yao ni kutulia.

Baada ya mkutano niliambiwa kwamba bibi huyo asili yake ni Songea. Aliletwa pale mgongoni mwa mama yake, baba yake akiwa manamba katika shamba la mkonge. Hakuna aliyemwuliza habari hiyo alipotoa risiti, na hilo lilinifurahisha.

Nimesema tunalipunguza neno hili. Njia mojawapo ni ule usemi wa mwananchi wa kawaida. Usemi huu umekuwa rahisi sana midomoni mwa wanasiasa na waandishi: bei ya mafuta imemwumiza mwananchi wa kawaida, huduma zimfikie mwananchi wa kawaida. Nia ni njema. Lakini ukisema wa kawaida, umekubali kwamba wapo wananchi wengine wa daraja jingine, na nchi ni ya hao. Jirani na huo upo ule wa viongozi na wananchi, kana kwamba mtu akichaguliwa huacha kuwa mwananchi siku ya kuapishwa. Wakenya wamelitazama jambo hili usoni kuliko sisi. Mitaani Nairobi na Mombasa utasikia watu wakitofautisha wananchi na wenyenchi: wenyenchi ni wale wachache wanaoimiliki, wananchi ni sisi tunaoishi humo. Ni usemi wa uchungu. Umelivua neno dai lake lote ukamwachia mwananchi anwani tu.

Lakini usemi unaonisumbua kuliko wote ni mwingine, nao ni wa magazeti yetu ya Tanzania. Mnaujua. Mtu anatuhumiwa kuiba kuku, simu au pikipiki. Anakimbizwa, anakamatwa, anapigwa kwa mawe na fimbo, wakati mwingine anavalishwa tairi na kuchomwa. Kesho yake gazeti linaandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Maneno hayo manne yamekuwa kama muhuri. Mwandishi hayatungi tena, huyatoa kwenye droo.

Angalieni yanafanya nini. Kwanza, yanafuta wahusika. Waliokuwa na majina na nyumba, waliotoka kwenye kibanda cha bodaboda au kwenye kilabu, wamekuwa kundi lisilo na sura, na polisi hawawezi kukamata kundi lisilo na sura. Pili, yanatoa sababu mapema: walikuwa na hasira, tena kali, kwa hiyo msomaji asishangae. Tatu, na hili ndilo linalonihusu mimi kama mtu wa lugha, yanalichukua neno la wenye mamlaka halali na kuwavika wauaji. Ni kana kwamba nchi yenyewe imehukumu. Na yule aliyeuawa je? Alikuwa nani? Katika sentensi ile wananchi ni wale waliomwua. Yeye amebaki kuwa kibaka. Katiba inasema kila mtu ana haki ya kuishi. Haisemi kila mtu isipokuwa aliyeshikwa na kuku. Amefutiwa uananchi kwa kalamu, akiwa tayari amefutiwa uhai.

Wahariri mlio hapa, mimi najua shinikizo la kazi yenu na saa ya kufunga kurasa. Lakini andikeni: watu waliomkamata walimpiga hadi akafa. Andikeni: kundi la watu lilimwua kabla polisi hawajafika. Andikeni idadi kama inajulikana, na mtaa. Ni maneno yale yale kwa urefu, ila haya yanamwacha msomaji akiuliza mbona hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Nije sasa kwenye mwaka 2024, kwa sababu wanafunzi mtanilaumu nisipougusa. Mwezi Juni mwaka ule vijana wa Kenya waliupinga Muswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni waliingia katika majengo ya Bunge Nairobi, watu wakapoteza maisha, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatatia saini. Yamesemwa mengi kuhusu moto na risasi, nami siwezi kuwapita wale waliokufa bila kuwataja. Lakini ipo sehemu ya habari ile iliyotangulia barabara, nayo ndiyo inayogusa mada yangu. Kabla ya kuandamana, vijana waliusoma muswada. Waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaeleza kodi ya mkate ni nini, ushuru wa magari utamgusa nani, wakaufafanua kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za makwao, hata kwa lugha ya alama, wakasambaza kwa simu. Wabunge walizoea kusema kwamba wananchi wanahitaji kuelimishwa kuhusu muswada. Safari hii wananchi ndio walioelimisha.

Bibi wa Morogoro na kijana wa Nairobi hawakukutana, na umri wao umepishana kwa miaka sitini. Mmoja ana risiti kwenye fundo la khanga, mwingine ana muswada kwenye simu. Kazi waliyoifanya ni moja: kusoma hesabu ya mali yao na kuuliza.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa kamusi jambo moja mahususi. Tukimweleza mwananchi kuwa ni raia wa nchi tukaishia hapo, tumelifanya neno kuwa kivuli cha jingine. Tuweke fasili mbili. Moja iwe ya uzazi na asili, kwa sababu watu wanalitumia hivyo na kamusi haina haki ya kuficha. Ya pili iseme wazi: mtu mwenye sehemu katika nchi na katika uendeshaji wake, na mfano wa sentensi uwe wa mtu anayeuliza mapato na matumizi, badala ya ile mifano yetu ya mwananchi anayelinda bendera. Bendera inalindwa na wengi. Daftari la mtendaji halina mlinzi.

Na wale walioko mbali na nyumbani, Muscat, London, Minneapolis, ambao wakichukua pasipoti ya huko hupoteza uraia wa Tanzania kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika wa nchi mbili, bado wanajenga kwao, wanasomesha, wanatuma pesa za matanga. Sheria imewaondoa katika raia. Kama ni wananchi au la, sitaki kulijibu swali hilo peke yangu, kwa sababu ukumbini humu naona wapo wanaolipinga jibu langu kwa sababu nzuri, na kati yao wamo walionifundisha. Mwenyekiti, naomba uwape nafasi wao kwanza, kisha walioko nyuma.